Hodi Kwenye Gari Bovu

Sasa jamani, nani hupiga hodi kwenye gari bovu? Masele alipiga, tena kwa utani tu, na mtu akamjibu kutoka ndani: "Karibu."

Ilikuwa saa tano asubuhi, ziwa linang'aa mpaka macho yanauma. Masele alisimama na spana mkononi. Sauti ile ilikuwa ya mtu mzima, mpole, kama mwenyeji aliyekuwa akimsubiri. Akachungulia. Kitanda kilichooza, jiko lenye kutu, sinki limejaa majani makavu. Mtu hakuna. Ila mlinuka maziwa yaliyoungua, kana kwamba kuna aliyebandika chai akaisahau. Masele akacheka peke yake, akasema uzee umemwanzia masikioni, akapanda na kuanza kazi.

Lilikuwa gari la kulala, lenye kitanda na jiko ndani. Wazungu fulani walilitelekeza hapo ufukweni Nyegezi walipoondoka, likakaa miaka mpaka mbuzi wakalizoea. Masele alikuwa dereva wa lori miaka thelathini. Karagwe, Kigoma, Mbeya, kote alifika, na mkewe Evelina aliijua miji hiyo kwa simu tu: nimefika, nimelala, natoka. Sasa mzee kastaafu, na Evelina ana presha ya macho. Daktari alisema mwanga unaondoka na haurudi. Asubuhi bado aliona, lakini jioni watu wote kwake walikuwa vivuli. Basi la abiria hawezi kupanda, mgongo haumruhusu. Ndiyo maana Masele alijiapiza kulifufua lile gari kwa mikono yake, ampandishe mama Rose wake, amlaze akichoka, amwonyeshe barabara zote kabla macho hayajafunga.

Kwa hiyo kila siku alishuka. Nyumba yao ilikuwa juu kilimani, katikati ya mawe, na gari lisingeweza kupanda huko. Alikata kutu, akachomelea sakafu, akang'oa mbao zilizoliwa na mchwa. Mlango peke yake ulimla wiki tatu, mpaka ukafunga kisawasawa, hata upepo haupiti. Na kila asubuhi alipiga hodi, na kila asubuhi aliitikiwa. Angeacha, lakini mtu akishazoea kuitikiwa, kunyamaza kunamtisha zaidi.

Halafu zikaanza nyayo. Jioni alipofunga kazi alizisikia nyuma yake njiani. Mwanzo zilimfikisha kwenye mpapai, zikakoma. Wiki iliyofuata zikafika bombani kwa jirani. Akigeuka, haoni mtu. Akisimama, nazo zinasimama, kwa adabu, kama mtu anayekupa nafasi utangulie. Hakumwambia yeyote. Alimjua mkewe: akisikia tu, atasema gari liachwe, na safari imekufa.

Jioni moja Evelina alikuwa mlangoni anachagua mchele kwa vidole.

"Karibuni," alisema.

Masele akaingia, akajitupa kitini. Evelina akaleta jagi na beseni, akammiminia mumewe maji ya kunawa, kisha akasogea hatua mbili pembeni, akainamisha jagi tena, na maji yakashuka polepole, yakagawanyika hewani kama yanavyogawanyika kwenye mikono ya mtu, ndipo yakadondoka kwenye beseni.

"Mgeni wako ana mikono ya baridi, baba Rose," alinong'ona. "Mbona hujanitajia jina lake?"

Tangu hapo nyumba nzima ilinuka maziwa yaliyoungua. Evelina alianza kuamka akisema kuna mtu kamshika mkono. Na macho yake, ambayo mwanga uliyatoka kwa miezi, sasa uliyatoka kwa siku. Masele alilia, ndiyo, mwanaume mzima, akapiga simu Magu kumwita Chenge.

Chenge alikuwa mganga wa miaka arobaini hivi, asiyependa maneno mengi. Alifika mchana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alisikiliza habari yote akiangalia kiti kimoja cha pembeni, ambacho hakuna aliyekikalia.

"Ulipiga hodi, akakukaribisha," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni mgeni wake. Kila jioni anakusindikiza, kama mwenyeji yeyote. Uliwahi kumwambia inatosha, rudi?"

"Sikuwahi."

"Basi amekufikisha. Na mama kamkaribisha, kamnawisha. Aliyemkaribisha ndiye wa kumsindikiza. Mama, utamfikisha pale garini, utamwambia kwaheri, utarudi. Akikwambia karibu, usiitike, usiingie. Mzee, wewe unabaki hapa na mimi. Ukiwafuata, atasema amepata wageni wawili."

"Haoni njia," Masele alisema. "Nimpeleke mimi."

"Acha, baba Rose." Evelina alikwishashika fimbo. "Njia ya bombani naijua kwa miguu."

Akatoka. Kile kiti kikalia kwa kuachiwa uzito, na nyayo zikamfuata.

Wakakaa. Masele alihesabu moyoni: sasa yuko bombani, sasa mpapai, sasa yuko kwenye gari, anaaga, kisha akaanza kuhesabu kurudi, mpapai, bomba, yale mawe mawili mahali anapoteleza kila masika, na kila alipofika mwisho wa hesabu bila kusikia fimbo alianza upya, jasho likimtiririka mgongoni, mpaka mwishowe akaisikia, ko, ko, ko, ikipanda taratibu, ikasimama nje ya mlango uliorudishwa, na pumzi ya mkewe, ile ile aliyolala nayo miaka thelathini na sita, ikasikika ikitulia.

"Hodi," Evelina alisema.

"Karibu, mama," Masele akaitika kwa furaha.

Mkono wa Chenge ulimziba mdomo, umechelewa. Mganga akamvuta karibu. "Mzee," alinong'ona, "mkeo hupiga hodi kwake mwenyewe?"

Kutoka chini ufukweni, mbali, kuna mtu alikuwa anapiga bati kwa viganja. Alipiga mlango wa gari, ule wa wiki tatu, ule usiopitisha hata upepo. "Baba Rose," sauti iliita, ndogo sana. "Baba Rose, nifungulie. Sioni."

Mlango wa nyumba ukasukumwa. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikatangulia, kisha Evelina akaingia, akafuta miguu vizuri, akaegemeza fimbo ukutani ilipozoea kukaa.

"Asante," alisema. "Nimekaribia."