Kuku wa Seremala

Tangu mgongo umkatae, seremala hakushika tena randa. Asubuhi alimpikia mkewe chai kabla hajaenda kwenye cherehani yake, kisha akashinda nyumbani. Siku zilimwia ndefu.

Ndipo akajenga banda la kuku, polepole, msumari mmoja mmoja. Akanunua vifaranga arobaini weupe.

"Utakula mayai mpaka uyachoke," alimwambia mkewe.

Vifaranga walikua upesi ajabu. Kufika wiki ya tisa walikuwa wazito, hata kutembea kwao taabu. Yai hakuna. Siku moja seremala akakuta wawili wamekufa kando ya maji. Akaketi juu ya ndoo.

"Hata kuku wamenishinda," alisema.

Mkewe alimshika bega, kisha akaenda mtaa wa pili kumwita mtaalamu wa mifugo, binti mmoja mchangamfu.

"Shikamoo, baba. Kuku hawa ni wa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni wa mayai. Kwani kuku si kuku?"

Binti akacheka kidogo, akambeba mmoja. "Hawa ni wa nyama, baba. Wakifugwa ndani na kulishwa vizuri, wiki sita tu wanafaa kuuzwa. Ukizidi kuwaweka, wanakula bure. Miguu na moyo vinaelemewa. Huenda ndicho kilichowaua wale wawili."

"Na wa mayai wakoje?"

"Wembamba, nyama yao haba. Wanataka subira. Miezi mitano hivi ndipo waanze kutaga. Lakini wakianza, ni karibu kila siku, kwa mwaka mzima na zaidi."

"Hakuna anayetoa vyote viwili?" mke akadakia.

"Yupo chotara, mama. Ana nyama kiasi na mayai kiasi. Ila hawafikii hawa kwa uzito, wala wale kwa kutaga. Amueni kwanza mnataka nini, ndipo mnunue."

Seremala akainamisha kichwa. "Basi nimeharibu."

"Wewe? Tazama banda hili! Hewa inapita, sakafu kavu. Ulikosea kuku, baba. Kazi hukukosea."

Seremala akapitisha kiganja juu ya mlango alioutengeneza mwenyewe.

Wakauza wale wazito. Wakaosha banda, wakaliacha tupu wiki mbili. Kisha wakaleta vifaranga thelathini wa mayai, wakawachanja kwa wakati. Binti aliwapimia nafasi: kuku watano kwa kila mita ya mraba, wasibanane.

Miezi ikapita. Majirani wakatania, "Mzee, unafuga kuku au njiwa?" Naye akacheka nao.

Asubuhi moja tetea akapiga kelele bandani. Seremala akaja jikoni haraka, mkono mmoja kiunoni, mwingine umefumbata. Akaweka yai kwenye kiganja cha mkewe. Lilikuwa na joto bado.

"Dogo," alisema, kama anayeomba radhi.

Mkewe alilichemsha, akaligawa. Mume akamsogezea kipande kikubwa.

"Kula wewe."

"Tule wote, mume wangu. Kesho litakuwapo lingine."

Kesho yake yalikuwa manne. Mwezi ulipokwisha, walikuwa wakiokota karibu trei nzima kila siku.