Kofia ya Bata

Jioni ile nilikwenda kwenye banda la kuegeshea ndege kuchukua kofia thelathini. Kesho yake marafiki wangetua na ndege zao kwenye kiwanja chetu cha nyasi, hapa Iowa, kula pankeki na kumkumbuka marehemu mke wangu, Arlys. Kofia hizo, zenye namba ya ndege yetu ndogo ya njano, ndiyo kazi ya mwisho aliyoidarizi.

Delmar, jirani yangu wa kiwanjani, aliniacha mlangoni.

"Usikae humo ukinusa nyuzi, mzee. Napanga viti, kisha nakuja kukuvuta masikio."

Chumba cha Arlys kiko nyuma ya banda. Nilishika kitasa.

Tak-tak-tak-tak...

Cherehani ilikuwa ikidarizi.

Harufu ya mafuta ya ndege ilipenya chini ya mlango. Na harufu ya mvua. Haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Acha nieleze jambo ambalo sijamweleza mtu. Katika klabu yetu ya marubani, anayefanya kosa la kizembe huvaa kofia yenye picha ya bata mwaka mzima, na Arlys ndiye aliyekuwa akidarizi jina la mkosaji nyuma. Mimi ni mhandisi. Sikuwahi kuivaa, na nilijivunia hilo. Mwezi Aprili nilijaza mafuta, nikasahau kufunga kifuniko cha tangi juu ya bawa. Mvua ikanyesha usiku kucha. Alfajiri nilikikuta wazi, nikakifunga kimya kimya. Nilijua maji yameingia. Nilijua pia kwamba Arlys hukinga mafuta kidogo kwenye kikombe kabla ya kuruka, kuona kama yana maji. Angeyaona maji, angeyamwaga, asingeuliza.

Asubuhi hiyo alikuwa na haraka. Akaruka bila kupima, injini ikazimika angani, ndege ikaanguka.

Wachunguzi waliponiuliza, nilijibu, "Tangi lilifungwa. Labda yeye hakupima." Wakaandika hivyo. Marafiki wakanishika bega, nami nikawaacha wanishike.

Nilifungua mlango.

Cherehani ikanyamaza. Waya wake wa umeme ulikuwa umeviringishwa mezani, kama nilivyouacha Aprili. Zile kofia thelathini zilikuwa rafuni; chini ya sindano palikuwa na nyingine moja. Bata wa manjano. Niliichomoa... ilikuwa imelowa. Nyuma, kwa mshono mdogo wa mkono wa kushoto wa Arlys, ambao mashine haiwezi kuuiga, palikuwa pamedariziwa jina langu.

VERLYN.

Kisha, karibu sana na sikio langu, nikasikia maneno ambayo Arlys alimwambia kila mteja aliyemdarizia kofia:

"Jaribu, mpenzi. Tuone kama inakutosha."

Niliivaa. Sijui kwa nini. Maji baridi yalinitiririka shingoni, yakinuka mafuta.

Delmar alitokea mlangoni. Aliiona, akacheka.

"Kumbe! Arlys alikutengenezea mapema, bibi yule. Alijua siku moja utaharibu." Alisogea, akagusa ukingo wa kofia, akatazama vidole vyake vilivyolowa. Kicheko kikapungua. "Mbona mbichi hivi? Verl... ulifanya nini?"

Ningeweza kusema bomba la maji linavuja. Delmar angeniamini. Wote wangeniamini, kama Aprili.

Nyuma yangu cherehani ilianza tena, polepole.

Tak... tak... tak...

"Delmar," nilisema, "kaa chini. Kile kifuniko cha tangi..."

Cherehani ikasimama, sindano ikiwa juu, kama mtu anayesikiliza.