Nilimfuta Shangazi Kwenye Ukoo Wake

Nina miaka thelathini na tisa, ni fundi cherehani sokoni Mwanga, Kigoma. Wasomaji wenzangu, nikijitazama kwenye kioo nasikia kinyaa... Someni, mtaelewa.

Shangazi yangu Zaina alifariki bila mtoto. Aliacha nyumba Ujiji na shamba la michikichi Simbo. Mwishoni alikuwa hawezi kunyanyuka. Aliyemwogesha, akamlisha uji, akafua mashuka yenye haja, ni mdogo wake, shangazi Mwajuma. Sisi wengine tulipita siku za Idi, tukiziba pua!

Zaina na baba yangu walichangia baba na mama. Mwajuma alichangia nao mama tu, maana bibi, baada ya kuachika, aliolewa na mvuvi wa ng'ambo ya ziwa. Marehemu mwenyewe alinisimulia, nikaandika kwenye daftari jina kwa jina, kwa kuwa nilipenda kuchora mti wa ukoo wetu.

Matanga hayajaisha, baba akaniita chumbani.

"Mahakamani wanataka orodha ya ndugu. Andika upya. Huyo wa ng'ambo muache."

"Lakini baba, si mmetoka tumbo moja?"

"Chumba cha mbele cha nyumba ya Ujiji, cha kuweka cherehani zako, unakitaka, hukitaki?"

Nilikitaka... Nikaandika. Nikaapa mbele ya hakimu kwamba bibi alizaa watoto wawili tu!

Shangazi Mwajuma, asiye na cheti chochote, aliniuliza taratibu, "Mwanangu, mimi nimezaliwa na nani?"

Baba akateuliwa msimamizi wa mirathi. Siku Mwajuma anaondoka nyumbani kwa marehemu, baba alimpekua mfuko mlangoni. Akamnyang'anya kanga mbili kuukuu za marehemu. Kanga zilizonuka ugonjwa! Tulikuwa watu kweli sisi?

Nikahamishia cherehani zangu kwenye kile chumba. Mwezi haukuisha. Kila nikikaa kushona, nasikia lile swali la shangazi... Nikabeba daftari hadi mahakamani, nikakiri uongo wangu. Baba akavuliwa usimamizi wa mirathi, Mwajuma akapewa fungu lake. Baba akanikana mbele ya majirani.

Na shangazi? Nilimfuata alikohamia, Gungu, nikapiga magoti. "Shikamoo, shangazi." Hakuitika. Aliendelea kuchambua dagaa, kisha akasema, "Haki yangu nimepata. Wewe nenda."

Ndugu zangu, ukipewa kalamu uandike warithi wa marehemu, waandike wote, hata mzazi wako akikukunjia uso. Mahakama ilinirekebishia karatasi... Shangazi yangu haikunirudishia!