Ngozi Mahali pa Beringi

Injini ya gari ilianza kugonga saa nne asubuhi, katikati ya uwanda mkavu usio na mti wala mtu, na fundi akaongeza sauti ya redio.

Ndiyo, fundi mzima wa magari. Tusimcheke haraka. Kwenye kiti cha pembeni aliketi mama mkwe wake, mshonaji, wakienda kumwona mjukuu wa kwanza. Njia ya mkato ilikuwa wazo la fundi. Injini aliifungua na kuifunga mwenyewe wiki iliyopita, akajisifu mbele ya ukoo wote. Alipoulizwa hiyo ko-ko-ko ni nini, alijibu kwa adabu kwamba ni petroli mbaya, inawaka kabla ya wakati wake, itapita.

Alijua anadanganya. Kelele ya petroli mbaya hupungua ukiinua mguu kwenye mafuta. Hii ilikuwa nzito, ilitoka chini ya injini, na haikupungua hata kidogo.

Mama mkwe akazima redio.

"Nimeshona miaka thelathini," alisema. "Mashine ikilia hivyo, chuma kinakula chuma. Simama."

Akasimama. Oili ilikuwa ikidondoka kwenye mawe. Barabara kuu ilikuwa kilomita arobaini mbele, maji lita moja tu kwenye dumu, na mama mkwe ana presha na magoti mabovu. Kama fundi angekwenda peke yake, angerudi kesho yake. Alifikiria angemkuta vipi mama huyo ndani ya bati lile la moto, akaogopa.

"Ni mimi," alisema. "Bolti ya oili sikuikaza. Na nilijua tangu mwanzo."

Mama mkwe alikasirika, na alikuwa na haki. Kisha akauliza kinachotakiwa ni nini.

Fundi akaeleza. Mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni hushika mhimili wa injini kwa vibati viwili vyembamba, beringi. Oili ikipungua, vibati huisha, pengo hubaki, na chuma hupiga chuma kila mzunguko. Pengo lile lazima lijazwe. Mafundi wa zamani walisema ngozi hufaa kwa dharura. Yeye hajawahi kujaribu.

Mama mkwe akatazama kiuno cha fundi. Mkanda wa ngozi.

Jamani! Avue mkanda mbele ya mama mkwe, na suruali yenyewe imempwaya? Aliona afadhali jua limmalize.

"Vua," mama mkwe alisema, akigeuza uso. "Aibu haizikwi. Watu ndio wanaozikwa."

Akavua, akajifunga kamba. Aliwasha injini kidogo, akachomoa waya za plagi moja moja; alipogusa ya tatu, kelele ikapungua, akajua pistoni mbovu ni ipi. Akaingia uvunguni, akamwaga oili iliyobaki kwenye beseni, ikamwunguza mkono hadi kiwiko. Alitoa beringi iliyoisha, akampa mama mkwe. Yeye, kwenye kivuli cha mlango, akaiweka juu ya ngozi, akapima, akakata kwa mkasi wake. Kipande cha kwanza kilikuwa kinene. Cha pili alikipara kwa wembe mpaka kikapinda vizuri, akakilowesha kwa oili, na fundi akakipachika mahali pa beringi, akaikaza bolti sawasawa. Kisha mama mkwe akavua kitambaa cha kichwa, akachuja oili ili irudi kwenye injini. Kila saa walikunywa funda moja moja.

Saa kumi injini iliwaka, waya ya tatu ikiwa nje. Ilichechemea lakini haikugonga. Waliendesha polepole. Ilipogota kilomita thelathini na saba, walianza kuona paa za kambi ya wachimba visima kando ya barabara kuu. Hapo kelele ikarudi, ikapanda, ikapasuka kwa mlio mmoja mkubwa, na gari likafa.

Dumu lilikuwa tupu. Midomo ya mama mkwe ilikuwa imepasuka, na maneno yake yalianza kuburuta. Alimwambia aende, alete watu.

Fundi alichuchumaa mbele yake, akampa mgongo.

"Nilikuacha asubuhi, nilipokudanganya. Sikuachi tena. Panda, mama."

Katika ukoo ule hakuna mkwe aliyewahi kumgusa mama mkwe zaidi ya salamu. Mama mkwe alisita. Kisha akapanda, akamkumbatia shingo. Kilomita tatu fundi alianguka mara mbili, mara zote kwa magoti, asimwangushe.

Wachimba visima waliwakimbilia na ndoo. Mmoja akamuuliza fundi kama huyu ni mama yake. Fundi alikuwa anatafuta pumzi ya kueleza undugu wao.

"Ni mama yake," sauti ikatoka mgongoni. "Mpeni mwanangu maji kwanza."