Sifuri Moja Iliyopungua

"Lori lisivuke mpaka. Ila ukilizuia bure, vifo vya watoto hao ni juu yako."

Simu ikakatwa. Mkuu hakuwa na desturi ya kuaga.

Sindano, kama walivyomwita idarani, aliruka ukuta na kutua nyuma ya ghala. Saa yake ya Casio ilisoma saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Saa nne lori lingeondoka na mitungi arobaini ya oksijeni ya wodi ya watoto njiti, ng'ambo ya mpaka. Fununu ilisema mna dawa za kulevya ndani. Fununu si ushahidi.

Mlinzi aligeuka. Pigo moja la shingo, akalala.

Sindano alipanda lorini, akapitisha kichunguzi chake cha dawa kwenye mtungi wa kwanza. Kimya. Chuma kilikuwa kinene mno.

"Unajichosha bure, mwanangu."

Mwenye ghala alisimama chini, bastola ya Beretta mkononi, meno yote nje. Walimwita Tabasamu. Manukato yake makali yalimfikia Sindano kabla ya maneno. Mzee akapunga cheti: mitungi imejazwa kwa shinikizo la bar 150, geji za kulipimia zimefungwa na fundi wake mwenyewe. Akamsihi awahurumie watoto wa watu.

Sindano akatazama geji. Kilopaskali 1,500.

Ya pili, 1,500. Ya tatu, 1,500. Hata ya mtungi uliopigwa na jua, ambayo ingepaswa kusoma zaidi.

Bar moja ni kilopaskali mia. Mtungi uliojaa ungesoma 15,000.

"Fundi wako kazidisha kwa kumi, mzee. Ilikuwa mia."

Tabasamu hakuelewa, ila tabasamu lilimfutika usoni. Sindano akafungua koki. Hakuna hewa iliyotoka. Mshale haukutikisika; ulikuwa umegundishwa.

Beretta ikainuka.

Teke moja, na mtungi ukamwangukia mzee miguuni. Bastola ikamponyoka. Kitako cha mtungi kikabanduka pale kilipochomelewa, pakiti nyeupe zikamwagika. Mzee alipoinua macho, bastola ya Sindano, Glock, ilikuwa inamtazama.

"Oksijeni yenyewe iko wapi?"

Chumba cha nyuma ghalani, alisema mzee. Ilikuwa ya kuuzwa kwa wachomeleaji. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri:

"Njiti wale, dada. Wengi wao hawaishi hata hivyo."

Sindano alikwishaona wauaji wa kila aina. Huyu alimkinaisha. Akatema mate chini, akamfunga pingu kwenye bomba.

"Mkuu, dawa nimezipata. Lori litachelewa kidogo."

"Kwa nini?"

"Linapakiwa hewa."

Dereva na wapakizi, ambao hawakujua lolote, waliteremsha mitungi ya dawa na kupakia ya oksijeni kwa mbio, bila kumtazama mzee usoni. Sindano alisoma kila geji mwenyewe. 14,900. 15,000. 15,100. Hazikulingana, kama geji za kweli, na hilo lilimtuliza.

Saa nne na robo lori likatoka getini.

Alinawa mikono bombani, mara mbili, kwa sabuni. Manukato hayakutoka. Akalivua jaketi, akalitupa pipani, akaondoka kwa miguu.