Kamera Isiyotoa Macho Mekundu

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwaka tisini na nane, mvua za El Nino hazijachoka kuusumbua mji wa Shinyanga, na Sostenes alikuwa amesimama mbele ya meza ya kioo dukani kwa Rushabh, anachagua kamera.

Msidhani alikuwa mpiga picha wa kazi. Alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa kalamu na daftari. Picha zilikuwa ugonjwa wake tu, kama wengine wanavyougua mpira au bao. Jumapili wenzake wakienda kilabuni, yeye alikuwa porini anavizia korongo, au amelala kifudifudi barabarani anapiga picha malori ya pamba kwa chini, watu wanamcheka.

"Nataka kamera isiyotoa macho mekundu," alisema.

Rushabh alimtazama juu ya miwani. Duka alilirithi kwa baba yake, na nyuma ya pazia alikuwa na mashine ya kusafisha picha, kwa hiyo hapakuwa na harusi wala msiba mjini ambao hakuwa ameuona.

"Bado unaiota ile picha, Bwana Sosi?"

Sostenes aliinamia meza ya kioo. Rushabh akampangia kamera tatu. Ya kwanza ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia. Ya pili ya Kijerumani, nzuri, ila kitufe chake kilikuwa kinakwama. Ya tatu ya Kijapani, imetumika, rangi imebanduka pembeni, lakini lenzi yake ya milimita hamsini ilikuwa safi kama maji. Hii ndiyo Sostenes aliyoishika asiiachie.

"Hiyo unatazama kwa lenzi yenyewe," Rushabh akamweleza. "Ndani kuna kioo. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, filamu inapata mwanga. Ndiyo maana wakati ule wa kupiga, wewe mpigaji huoni kitu. Giza. Kufumba na kufumbua, basi."

"Na flashi?"

"Flashi yake hii hapa, na waya wake. Unaishika mbali, pembeni. Ile kamera yako ndogo flashi imekaa jirani na lenzi, mwanga unaingia moja kwa moja ndani ya jicho, unarudi na rangi ya damu. Nilikwambia mwaka ule."

Ndiyo, alimwambia. Na hapo ndipo penye donda.

Miaka mitatu nyuma, kwenye harusi ya dada yake kijijini Didia, Sostenes alipiga picha na kamera ndogo ya plastiki. Jioni ile akampiga picha Mbuke, mjane jirani yao, amejifunga kaniki, amekaa na sahani ya pilau, anacheka. Picha ilipotoka, macho ya Mbuke yalikuwa mekundu, yanawaka kama makaa. Siku hiyo hiyo, hapo hapo dukani, Rushabh alimweleza kwamba ni flashi tu. Sostenes akaelewa. Akaipeleka picha Didia pamoja na nyingine, na maneno ya Rushabh akayaacha Shinyanga.

Mwezi ule watoto wawili wa kitongoji walikuwa wamekufa kwa homa. Picha ikatoka mkono huu ikaenda mkono ule. Bibi vizee wa Usukumani wana macho mekundu, nani asiyejua? Miaka nenda miaka rudi wanapikia mavi ya ng'ombe makavu maana kuni hakuna, na moshi wake ni pilipili. Lakini watu wa pale hawakutaka habari za moshi. Mabula, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa, alimuuliza Sostenes mbele ya wazee: "Wewe ndiye mtaalamu. Mashine yako inaweza kukosea?"

Hebu fikirini. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini Sostenes alitazama zile nyuso, akaona anayemtetea mchawi naye ataitwa mchawi. Tena, niseme ukweli, kuitwa mtaalamu kulimkolea. Akasema kamera haikosei.

Siku ya nne Mbuke alikutwa asubuhi mlangoni kwake, amelowa mvua, amekatwa mapanga.

Sasa jioni hii Sostenes alikuwa na sababu ya kutafuta kamera nzuri. Ng'ombe wa Mabula walikuwa wamekufa saba, na jina lililoanza kunong'onwa kisimani lilikuwa la Klara. Klara ni mama yake mzazi. Alimsihi ahamie mjini, mama akakataa katakata, hawezi kuacha kaburi la mumewe. Basi Sostenes akawaza hivi: picha ndiyo iliyoleta balaa, picha ndiyo itakayoliondoa. Atampiga mama yake picha safi, macho meupe pe, aipeleke mwenyewe kwa Mabula na wazee. Wakiiona, midomo itafungwa. Hesabu yake ilikuwa hiyo, na aliiamini.

Aliinua kamera jichoni kuijaribu. Akaielekeza kwenye benchi karibu na mlango.

Kwenye benchi alikaa bibi kizee amejifunga kaniki. Maji yanamchuruzika.

Sostenes akashusha kamera amwamkie.

Benchi lilikuwa tupu.

Akainua tena. Tupu. Ila pua yake ilinasa harufu... moshi. Moshi wa mavi ya ng'ombe, katikati ya duka lenye marumaru.

"Kuna mtu ameingia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mvua hii? Nani aingie?" Rushabh alisema, huku akimfungia flashi, filamu mbili na kitambaa cha kufutia lenzi. Umeme ukakatika. Sostenes alilipa gizani, akatoka bila hata kuaga vizuri.

Jumapili, saa sita mchana, jua la utosi, alimketisha mama yake uani Didia. Klara alivaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Flashi ilibaki ndani ya boksi lake. Ya nini flashi, na jua lile?

"Tulia hivyo hivyo, mayu," alisema, kwa neno la nyumbani la kumwita mama. "Nitazame mimi."

Akabonyeza. Kioo kikaruka... giza... kikarudi.

Mama amekaa.

Akabonyeza tena. Giza. Na katika lile giza dogo, harufu ya moshi ikamjia kisogoni, vuguvugu, kama mtu anayempumulia. Jikoni hapakuwa na moto. Yeye mwenyewe aliyaona majivu yamepoa.

Alipiga thelathini na sita, jasho linamtoka. Ilipofika ya mwisho, mama yake alikunja uso.

"Sosi, huyo nyuma yako ni nani?"

Aligeuka. Ua ulikuwa mtupu, kuku tu wanachakura.

"Nani, mama?"

"Aa. Jua hili," Klara alisema, akajifuta macho. Macho yake yalikuwa meupe, Sostenes aliyachungulia kwa makusudi.

Jumatatu alipeleka filamu. Rushabh akampa risiti, njoo Jumatano. Jumatano saa tisa alasiri alitoroka kazini, kamera shingoni.

"Umesahau nini?" Rushabh alimuuliza.

"Nimekuja kuchukua picha zangu."

"Si bibi yako amezichukua? Asubuhi, nafungua tu mlango. Bibi wa kaniki. Alikuwa na risiti yako."

Sostenes alitia mkono mfukoni mwa shati alimoiweka risiti. Vidole vilitoka na majivu.

"Nilimuuliza kama anakuja kwako," Rushabh aliendelea, sasa taratibu. "Akasema anampelekea Mabula. Lakini Bwana Sosi... alikuwa amelowa chapachapa. Na leo mvua haijanyesha."

Rushabh alivuta droo, akatoa picha moja aliyoichapa kwa majaribio kabla ya zile nyingine. Aliisukuma kwenye meza bila kuitazama.

Klara kwenye kigoda. Gauni la kanisani. Jua la mchana, kivuli kimejikunyata chini ya miguu yake.

Macho mekundu. Yanawaka.

"Ulipiga na flashi?" Rushabh alinong'ona.

"Haijatoka kwenye boksi."

Hakungoja zaidi. Alidandia lori la mbegu za pamba linalopita njia ya Didia, kamera bado shingoni. Alisali, akaacha, akasali tena. Alimwona Mbuke na sahani yake ya pilau. Aliwaona wale wanaume wa mapanga. Alijua wana haraka, maana mara ile walingoja siku nne, na sasa walikwishazoea.

Alifika jua linazama. Ua wa mama yake ulijaa wanaume. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Mapanga yalikuwa mkononi, yametulia. Klara alikaa kwenye kigoda kile kile, mikono magotini, na katikati alisimama Mabula na bahasha ya picha.

"Umefika, mtaalamu," Mabula alisema. "Tumezikuta mlangoni kwangu. Tunakushukuru kwa kutuletea."

"Si mimi niliyezileta. Baba Mabula, nisikilize. Ni mwanga wa flashi. Unaingia kwenye jicho, unarudi na..."

"Flashi mchana?" Mabula alimwonyesha picha, kidole juu ya kile kivuli kifupi. "Saa sita hii. Sisi hatukusoma, lakini kivuli tunakijua."

Mtu mmoja akasogea karibu na kigoda. Klara hakulia. Alimtazama mwanawe tu, anangoja amwokoe, kwa sababu ndiye mtoto wake aliyesoma.

Ndipo moshi ukaja.

Ulimjia shingoni, vuguvugu, mkali hadi machozi yakamlengalenga. Na sauti sikioni, kavu, haina haraka.

"Sema."

Akapiga magoti kwenye tope.

"Picha ya Mbuke ilikuwa ya uongo," alisema.

Aliinua uso, akawatazama.

"Mbuke hakuwa na kitu. Ilikuwa flashi. Nilielezwa dukani siku ile ile, kabla sijaileta huku. Mliniuliza, nikawaambia kamera haikosei. Nilijua inakosea. Niliogopa. Mlimuua mtu bure, na mimi ndiye niliyewapa."

Alisema yote, mpaka kile cha kupenda kuitwa mtaalamu. Alipomaliza, giza lilikuwa limeanza kuingia na hakuna aliyemgusa. Mabula aliinamia picha iliyokuwa mkononi mwake. Akaisogeza karibu na uso. Akatoa ya pili, ya tatu, na zote zikamponyoka.

Sostenes aliziokota kwenye tope. Thelathini na sita. Katika zote macho ya mama yake yalikuwa meusi na meupe, macho ya bibi yeyote aliyeketi juani.

Wanaume wale waliondoka mmoja mmoja. Hawakutazamana. Wengine waliacha mapanga yao pale pale, kama vitu vya mtu mwingine. Mabula aliondoka wa mwisho anajikuna macho, na wiki haikuisha yalikuwa yamevimba, mekundu kama nyama mbichi. Dawa za zahanati hazikufua dafu, za waganga hazikufua dafu. Mwisho alihama na ng'ombe waliobaki, akaenda Buseresere, ambako hakuna anayemjua. Nasikia nako wameanza kumtazama macho.

Lakini jioni ile Sostenes hakuwa na habari na Mabula. Alimgeukia mama yake huku analia, mama yake amepona, yu mzima. Alitaka kumkumbatia.

Klara alirudisha mikono nyuma.

"Ulijua," alisema.

"Mama, walitaka kukuua."

"Nimekuuliza. Ulijua?"

"Nilijua."

Klara aliinuka polepole. "Nilipokuzaa baba yako alikuwa safarini, mvua kama za mwaka huu. Mbuke ndiye aliyekupokea. Kabla ya mimi kukushika, alikushika yeye." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Alikuwa rafiki yangu miaka arobaini. Nimelia miaka mitatu, na wewe unakuja hapa kila mwezi, unakula ugali wangu, unanitazama nikilia."

Akaingia ndani. Akafunga mlango kwa komeo.

Sostenes alibaki uani. Aligonga, akaomba, akagonga tena. Baada ya muda akaona mwanga mwekundu chini ya mlango, moto umewashwa, na moshi mkali ukatokea kwenye nyasi za paa. Akasikia mama yake anazungumza Kisukuma, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayepiga soga na mwenziwe wa siku nyingi. Ananyamaza kidogo, kama anayejibiwa. Kisha anacheka. Hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu Mbuke afe.

Kamera aliirudisha kwa Rushabh, pamoja na flashi yake ambayo haikuwahi kuwaka hata mara moja.

Jumapili Sostenes huenda Didia. Huacha unga na sukari kizingitini, na akirudi safari nyingine hukuta vimechukuliwa, na pembeni sahani mbili zimeoshwa, zimeanikwa. Majirani wanasema Klara wanamwona shambani, mzima, ana furaha, ila akiulizwa habari za mwanawe husema hana mtoto.

Yeye hata hivyo haachi kumwamkia. Husimama nje ya mlango ule uliofungwa, amevua kofia, huinamia kwenye ufa wa mbao.

"Shikamoo, mama."

Miezi na miezi hakujibiwa. Jumapili iliyopita alijibiwa. Ilikuwa sauti kavu, haina haraka, na haikuwa ya mama yake.

"Marahaba, baba. Mama yako amelala."