Springi ya Stendi

Ilianza na habari isiyokuwa na mwenyewe. Ilisemwa kwamba mtaa wa pili kuna mtoto alinaswa na umeme akicheza mchezo wa magari kwenye kompyuta. Ameshika usukani, akakauka palepale kama nguo kwenye kamba. Aliyeniambia alisikia kwa shoga yake, na shoga yake alisikia saluni. Nilipouliza mtoto wa nani, hakuna aliyejua. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Habari ile ilinikaa kama mwiba wa samaki kooni, humezi wala hutemi.

Kwetu kompyuta ilikuwepo, kuukuu lakini inawaka. Ilikaa chumba cha mbele, kando ya cherehani yangu. Binti yangu mkubwa alikuwa na utaratibu wake akirudi shule: avue sare, aoshe vyombo, amalize kazi za mwalimu, ndipo aiwashe. Tulizoea kumwita Fundi, kwa sababu tangu utotoni hakuna kitu kilichofungwa ambacho hakukifungua. Mdogo wake, Kitinda, alikuwa wa miaka sita na kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza maswali.

Mchezo wa Fundi ulikuwa wa mashindano ya magari. Usukani wa plastiki alipewa na binamu yake. Kilichokosekana ni gia, naye akaamua kuiunda. Alichukua mausi ya kompyuta ya zamani ambayo mshale wake haukutembea tena, lakini vitufe vyake viwili vilikuwa vizima. Akaifunga ndani ya kisanduku cha mbao, akatoboa tundu juu, akasimamisha kipande cha mpini wa ufagio. Ukisukuma mpini mbele, kitufe kimoja kinabonyezwa na gari linapanda gia. Ukiuvuta nyuma, kinabonyezwa cha pili na gari linashuka gia. Ili mpini urudi katikati wenyewe, aliufunga kwa utepe wa mpira aliokata kwenye tyubu ya baiskeli.

Mimi sikuangalia mpini wala mpira. Niliangalia waya.

"Umegusa soketi?"

"Sijagusa, mama."

"Una uhakika?"

"Mama, hii haina umeme. Ni mbao na ufagio."

"Ndivyo walivyosema na kwa yule mtoto wa mtaa wa pili."

"Mtoto gani?" Kitinda akauliza. Nikarudi kwenye cherehani.

Gia ilifanya kazi vizuri siku za mwanzo. Kisha mpira ukaanza kulegea. Fundi akisukuma mpini, unabaki hukohuko mbele, na gari linapanda gia mpaka injini inalia kama mbuzi aliyefungwa. Rafiki yake wa jirani, mvulana mwembamba waliyemwita Kijiti, aliangalia akashika mbavu.

"Gia gani hii? Ukiitia, inalala! Iletee mto na shuka."

"Subiri Jumamosi utaona."

"Jumamosi nakuja na wenzangu. Usije ukatuambia gia inaumwa."

Fundi alikaza mpira, ukalegea. Akaufunga mara mbili, ukalegea tena. Alijaribu springi ya kalamu, ikapinda kama tambi. Aliniuliza kama kuna springi ngumu mahali popote nyumbani.

"Ya umeme?" nikauliza.

"Hapana, ya kuvuta tu."

"Kama si ya umeme, tafuta."

Jumamosi asubuhi mjomba wao alikuja. Ni kaka yangu, na kazi yake ni kupeleka mizigo ya watu kwa pikipiki. Zipu ya jaketi lake ilikuwa imekufa, na nikishamrekebishia alitaka kumpeleka Kitinda kwa kinyozi. Uani kwetu pana mteremko, kwa hiyo pikipiki aliiegesha kwa stendi kubwa ya katikati. Ile ndogo ya pembeni, ambayo huikunja kwa kisigino kabla ya kuondoka, ilibaki imekunjwa juu. Stendi hiyo inashikwa na springi moja, fupi na ngumu.

"Shikamoo, mjomba," Fundi alisema, macho yakiwa chini ya pikipiki.

"Marahaba, mjomba. Mbona unaikagua kama askari wa barabarani?"

"Naangalia tu."

Mjomba akaingia ndani, nikampa chai, nikaanza kung'oa zipu. Nje, Fundi alichukua koleo. Springi ilitoka kwa taabu. Stendi ikaning'inia, akaikunja tena na kuifunga kwa utepe wa mpira. Alijiambia ni kwa muda tu, mashindano yakiisha atairudisha. Mpira wenyewe ulikuwa uleule wa gia. Ulishindwa kurudisha mpini wa ufagio, sasa ulipewa kazi ya kushika chuma.

Watoto walipofika, chumba kikajaa. Gia mpya ilikuwa na nguvu. Ukiisukuma inarudi yenyewe kwa mlio mkavu, tak! Kijiti alishindwa mzunguko wa kwanza akasema kiti kilimponza. Akashindwa wa pili akasema jua lilimwingia machoni.

"Ndani ya nyumba?" wenzake wakamzomea.

Mjomba alivaa jaketi lake, akapandisha zipu na kuishusha, akanisifu. "Dada, mkono wako haujazeeka." Akamchukua Kitinda wakatoka. Fundi alikuwa anaongoza, mzunguko wa mwisho. Hakugeuka.

Kisha injini ya pikipiki ikawaka uani.

Mikono yake iliacha usukani. Gari lake likagonga ukuta, naye akaruka juu ya miguu ya wenzake akatoka mbio, bila viatu, mdomo wazi. Mimi niliona mtoto ametupwa na usukani. Habari ya mtaa wa pili ikanijaa kichwani. Nilivamia ukuta, nikang'oa waya wa kompyuta, kioo kikazimika, watoto wakapiga kelele. Nikamfuata nje na waya mkononi.

Fundi alikuwa tayari barabarani. "Mjomba! Stendi! Mjomba, simama!"

Pikipiki ilikuwa inakaribia kona ya kushoto, upande uleule wa stendi. Mjomba hakusikia. Kitinda alisikia, akampiga mgongoni kwa ngumi zake ndogo. "Mjomba, dada anakuita!" Mjomba akapunguza mwendo, lakini alikuwa ameshaanza kulala na kona. Mpira ukakatika. Stendi ikaanguka, ikachimba chini, pikipiki ikaruka upande. Mjomba alikita mguu na kuishika kwa nguvu zake zote. Kitinda akateleza kama gunia, akaanguka kwenye mchanga kando ya barabara.

Kiwiko kilichubuka. Hakuna kingine. Nyuma yao gari la mizigo lilipita likipiga honi, na mahali lilipopita ni palepale ambapo wangeanguka kama wangekuwa kwenye mwendo wa kawaida.

Mjomba alinitazama. "Dada, huo waya unaupeleka wapi?"

Niliutazama mkononi.

Fundi alimsogelea. "Ni mimi, mjomba. Springi nimeitoa mimi. Nimeiweka kwenye gia ya mchezo."

Nilinyanyua mkono, mjomba akanizuia. "Mwache. Amekuja mwenyewe kusema." Akachuchumaa mbele yake. "Ulipofunga ule mpira, ulikuwa unajua unalegea?"

"Nilijua."

"Ulijua kuliko mimi. Kwenye mchezo wako ukianguka unabonyeza kitufe, unaanza upya. Sasa nionyeshe kitufe cha huyu." Akamwonyesha Kitinda, aliyekuwa anapuliza kiwiko chake.

Fundi akalia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Alivunja gia yake mwenyewe, akatoa springi, akairudisha kwenye stendi kwa koleo huku mjomba amesimama bila kumsaidia. Kijiti alishika tochi ya simu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Jioni yake mjomba alimpeleka binti yangu kwa fundi wa pikipiki, penye rundo la vyuma vibovu, akamwambia aombe. Fundi wa pikipiki alicheka aliposikia ni ya gia ya ufagio, akampa springi mbili kuukuu.

"Umeona?" mjomba akamwambia njiani. "Neno la kuomba lilikuwa jepesi kuliko koleo. Kifaa chochote unachokiona kimekaa kimya kina kazi, na kuna mtu amekikabidhi roho yake."

Yule mtoto wa mtaa wa pili hajapata jina mpaka leo. Lililosemwa lilikuja kweli, ila kwa mlango ambao sikuukalia. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaopenda kuunda vitu:

Usichomoe kitu kwenye chombo cha mwenzako, hata kama ni kwa muda tu.

Usifunge mpira mahali palipokuwa na chuma.

Usimjibu mzazi lile tu aliloliuliza, ukamficha lile unalojua.

Usisubiri mchezo uishe ndipo useme.

Usipande pikipiki au baiskeli bila kuangalia chini yake kwanza.

Na soketi, bado nasema, usiiguse.